Maziko ya Muislamu na Deni la Matanga

BISMILLAHI RRAHMANI RRAHIM

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baadu. Katika mambo yaliyowaelemea Waislamu wa nchi hizi, na hasa wakaao katika nyanda za kati za Tanzania, tangu Mpwapwa na Kongwa hata Dodoma, Bahi na Kondoa, ni jambo hili. Mtu hufa asubuhi akazikwa kabla ya jua kutua, na gharama ya kumzika ikawa ndogo. Kisha kwa muda wa siku tatu, au saba, na pengine hata siku ya arobaini, nyumba yake ikatumia mali ambayo yeye mwenyewe hakuitumia kwa dawa katika muda wote wa maradhi yake. Mali hiyo ikiisha, hukopwa nyingine. Basi huenda maiti akaingia kaburini hali hana deni la mtu, na wanawe wakatoka matangani na deni ambalo baba yao hakulifanya.

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Uchunguzi uliofanywa huko Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1991 hata 1994, ulionyesha kwamba nyumba zilizofiwa zilitumia kwa maziko mali nyingi kuliko zilizotumia kwa kumtibu marehemu. Lakini Muislamu anayo sharia iliyoeleza mas'ala haya neno kwa neno, naye ataulizwa kwa kuiacha.

Swali ni hili: deni la matanga ni haki ya maiti juu ya walio hai, au ni dhulma ya walio hai juu ya maiti na mayatima wake? Jawabu yake haitolewi kwa kuwacheka wakopaji. Wakopao hawakopi kwa upumbavu. Hukopa kwa mapenzi, na kwa haya, na kwa kuogopa ndimi za watu. Mapenzi ni mema, na haya ni katika imani. Kwa hiyo lazima mambo yapimwe moja moja.

FASILI YA KWANZA: ALIYONAYO MAITI JUU YA WALIO HAI

Maiti Muislamu ana mambo manne juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Haya ni faradhi ya kifaya; wakiyafanya baadhi ya watu, wote wameokoka, na wakiyaacha wote, wote wamepata dhambi. Na katika hayo manne, kusaliwa hakuna gharama hata ya senti moja. Kuosha kwataka maji, na majani ya mkunazi au sabuni, na kafuri kidogo. Kukafini kwataka bafta. Kuzika kwataka shimo litakalozuia harufu na kumkinga maiti na wanyama, na mbao au miti ya kumfunika katika mwanandani, na mikono ya vijana.

Sanda iliyo kamili kwa mwanamume ni nguo tatu, na kwa mwanamke ni tano, na iliyo wajibu ni ya kumsitiri. Mtume (S.A.W.) alikafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba za Yemen, bila ya kanzu wala kilemba. Mus'ab bin Umair, aliyekuwa kijana wa kitajiri na mavazi mazuri huko Makka kabla ya kusilimu kwake, aliuawa siku ya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra, na hakuachwa na kitu ila nguo moja. Wakimfunika kichwa miguu ilionekana, na wakimfunika miguu kichwa kilionekana. Basi akafunikwa kichwa kwa nguo ile, na miguu kwa majani. Na Abubakari (R.A.) alipokuwa katika maradhi ya mauti aliagiza akafiniwe katika nguo yake kuukuu pamoja na nyingine mbili, akaeleza kuwa aliye hai ana haja zaidi ya nguo mpya kuliko maiti.

Na aangalie mwenye akili: walioagizwa hivyo walikuwa na uwezo wa kununua. Hawakumpunguzia Abubakari heshima yake, wala hapana katika umma huu aliyethubutu kusema kuwa Mus'ab alizikwa vibaya. Imekuja pia katika Hadithi katazo la kutia kaburi chokaa na kujenga juu yake. Basi yote ambayo sharia imeyahesabu kuwa ni heshima ya maiti yaweza kutimizwa na fukara wa Chamwino kama yanavyotimizwa na tajiri wa Dar es Salaam, na ndiyo hekima yake.

FASILI YA PILI: NANI ATOAYE GHARAMA

Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafii wameipanga mali ya maiti hivi. Kwanza hutolewa haki zilizoshikamana na mali yenyewe, kama zaka iliyokwisha kuwajibika na kitu kilichowekwa rehani. Pili hutolewa gharama ya kumtengeneza maiti kwa wastani. Tatu hulipwa madeni yake. Nne hutimizwa wasia wake katika thuluthi ya kinachobaki. Tano ndipo warithi wakagawana.

Watu wengi wameisikia daraja ya pili wakaifanya hoja, wakisema kwamba maziko hutangulia deni. Ni kweli, lakini kilichotangulizwa ni maji, sanda, kaburi na wa kumchukua. Chakula cha matanga hakimo. Na wamefika maulamaa kusema kwamba deni la maiti likizunguka mali yake yote, na wadai wakataka akafiniwe katika nguo moja, hali warithi wataka tatu, husikizwa wadai. Ikiwa mdai ana haki ya kuipunguza sanda ya maiti ili apate chake, je, yuko wapi mwenye haki ya kumchinjia ng'ombe juu ya mali hiyo hiyo?

Na ikiwa maiti hakuacha kitu? Gharama yake ni juu ya yule aliyepasiwa kumlisha alipokuwa hai, kama baba kwa mwanawe mdogo. Na mke gharama yake ni juu ya mumewe. Akikosekana huyo, ni katika wakfu wa sanda kama upo. Ukikosekana, ni katika Baitul Mali. Ikikosekana, ni juu ya Waislamu wenye uwezo. Hapo ngazi imekwisha. Na aitazame msomaji tangu juu hata chini: hapana hata kidato kimoja kilichosemwa kwamba mjane akakope. Sharia imemwajibisha kila mtu, jamaa na jirani na tajiri, kabla ya kumfikisha aliyefiwa mlangoni kwa mkopeshaji. Basi mfiwa akionekana yuko katika mlango ule, si yeye peke yake aliyekosa. Wamekosa wote waliokuwa juu yake katika ngazi, wakaipita faradhi yao, kisha wakaja kula.

FASILI YA TATU: CHAKULA CHA MATANGA

Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wawapikie jamaa zake chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Hii ndiyo sunna: chakula hutoka kwa majirani kikaingia nyumba ya msiba. Desturi ya leo imeigeuza. Chakula hutoka nyumba ya msiba kikaingia matumboni mwa majirani. Na amepokewa Jarir bin Abdillahi kwamba masahaba walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa jamaa za maiti na kupikwa chakula baada ya maziko kuwa ni katika namna ya maombolezo yaliyokatazwa.

Imam Shafii mwenyewe, katika kitabu chake Al-Umm, amechukia mikusanyiko ya matanga hata ikiwa hapana kilio, na sababu aliyoitaja ni kwamba huamsha huzuni na kuwatia watu gharama. Ibn Hajar wa Haitam ameihesabu desturi ya jamaa za maiti kupika na kualika watu kuwa ni bidaa yenye kuchukiwa. Na katika Ianatu Ttalibin, kitabu kijulikanacho sana katika madrasa za pwani, imenukuliwa fatwa ya Sayyid Ahmad Zaini Dahlan, mufti wa Makka, kwamba jambo hilo ni katika bidaa za kukatazwa, na mwenye mamlaka akilizuia hupata thawabu. Hapana basi mtu wa kusema kuwa maneno haya ni ya madhehebu ngeni. Na katika pwani hii Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa katika walioonya juu ya israfu katika desturi za Waislamu.

Karaha hiyo ni pale warithi wote ni watu wazima, wametoa kwa ridhaa zao. Ama akiwapo katika warithi mtoto asiyebaleghe, au aliye mbali asiyeulizwa, na chakula kikatolewa katika mali ya urithi kabla ya kugawanywa, hukumu hutoka katika karaha ikawa haramu. Mtoto hana ridhaa, wala mama yake hawezi kumridhia. Na onyo la Kurani kwa walao mali ya mayatima kwa dhulma lajulikana na kila aliyepita chuoni.

Na uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Mtu amekufa, ameacha mama yake, na mke, na wana wawili wanaume na binti mmoja, wote watatu wadogo. Baada ya kuzikwa na kulipwa madeni yake, ng'ombe wake na vyombo vyake vimebaki kwa thamani ya shilingi 2,400,000. Mama ana sudusi, shilingi 400,000. Mke ana thumuni, shilingi 300,000. Zinabaki 1,700,000, kila mwana mwanamume apata 680,000, na binti 340,000. Hivi ndivyo alivyogawa Mwenyezi Mungu.

Sasa jamaa wamechinja na kupika kwa muda wa siku tatu, na gharama yake ni shilingi 600,000, zikatolewa katika mali hiyo. Zimebaki 1,800,000. Kila mwana mwanamume sasa atapata 510,000, na binti 255,000. Yaani kila mvulana amepungukiwa na 170,000, na msichana 85,000; jumla yake ni shilingi 425,000. Katika kila shilingi 600 zilizoliwa chini ya lile turubai, 425 zilikuwa za watoto watatu wadogo. Aliyekula wali ule hakula cha marehemu, maana marehemu hana tena mali. Alikula cha watoto hawa. Na mjane naye yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi, na kwa madhehebu ya Shafii hana nafaka katika mali ya mumewe ila haki ya kukaa nyumbani. Chakula chake ni katika ile thumuni, nayo imekatwa.

FASILI YA NNE: YASEMWAYO NA WENYE KUITETEA DESTURI

Akisema msemaji: Ugogo na Irangi ni nchi pana na kavu, wageni hutoka mbali, wengine kwa miguu na wengine kwa gari usiku kucha. Je, waachwe na njaa, hali kumkirimu mgeni ni katika imani?

Atajibiwa kwamba hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Mgeni wa mbali alishwe, na hakuna aliyesema alale na njaa. Lakini alishwe na nani? Sunna imekwisha kutaja majirani. Mgeni wa siku ya kwanza na agawanywe katika nyumba za mtaa, kila nyumba wawili au watatu, wale kinachopikwa siku zote: ugali wa mtama au wa uwele, na mlenda, na maziwa yakiwapo. Aliye karibu ahani, aombe dua, arudi kwake. Na mgeni mwenye adabu huja na kitu mkononi, wala hakai hata siku ya pili ila akiwa na kazi ya kumsaidia mfiwa.

Akisema: chakula kile ni sadaka, na sadaka humfikia maiti. Atajibiwa: sadaka humfikia, na dua humfikia, wala hapana ubishi. Lakini sadaka ni ile itolewayo na mwenye mali katika mali yake, kwa radhi yake, akapewa mhitaji. Mali ya yatima si ya kutolewa sadaka, na mali iliyokopwa kwa riba haiwi sadaka. Mtu akitaka kumtolea baba yake, na atoe kibaba cha nafaka kutoka ghalani mwake kumpa maskini, kimya kimya, au achangie kisima; maji katika nchi kame kama hii ni sadaka isiyokatika. Na Kurani husomwa bila ya pilau. Hitima isomwayo msikitini baada ya sala, watu wakaomba wakaondoka, haikupungua kitu.

Akisema: watu watanena. Watasema kwamba fulani amemzika baba yake kama mbwa. Hii ndiyo hoja yenyewe, na zile mbili za kwanza ni mavazi yake. Atajibiwa kwamba ndimi za watu si katika warithi, wala si katika wadai, wala hazimo katika ngazi ya gharama. Wazee wa Ugogo waliita njaa ya mwaka 1917 hata 1920 kwa jina la Mtunya. Katika njaa ile, iliyoletwa na ukame na vita vya Wadachi na Waingereza waliochukua nafaka na ng'ombe na wapagazi, watu walikufa kwa maelfu, na waliobaki hawakuwa na cha kula wao wenyewe, seuze cha matanga. Je, yuko leo atakayesimama aseme kuwa wafu wale hawakuheshimiwa na watu wao? Ikiwa hayuko, basi yamejulikana kwamba heshima ya maiti haikuwa katika sufuria.

FASILI YA TANO: KUSAFIRISHA MAITI

Watu wa pwani wameingia nchi hizi tangu zama za misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji kwa njia ya Ugogo. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, wakaja mafundi na wachuuzi na waalimu wa chuo. Serikali iliamua mwaka 1973 kuufanya mji wa Dodoma kuwa makao makuu, na tangu mwaka 2016 ofisi zake zimehamia huko, na watumishi wengi pamoja nazo. Kwa hiyo ni jambo la kila mara leo kwamba Muislamu wa Tanga, au wa Kilwa, au wa Unguja, hufia Dodoma.

Akifa, jamaa husema arudishwe kwao. Basi hukodiwa gari la maiti na basi la wafuasi, kwa njia ya kilomita 450 hivi mpaka Dar es Salaam tu, na aendaye Unguja bado ana bahari mbele yake. Gharama hiyo yaweza kupita thamani ya kila alichoacha. Na Imam Nawawi amesahihisha kwamba kumhamisha maiti kabla ya kuzikwa, kutoka mji hata mji mwingine, ni haramu, kwa sababu ya kuchelewesha maziko na kuhofia maiti kuharibika. Wakabagua maulamaa aliye karibu na Makka, au Madina, au Baitul Makdis. Wako waliosema ni karaha tu. Lakini Nawawi ameeleza hata zaidi ya hapo, kwamba maiti akiwa ameusia ahamishwe, wasia wake hautekelezwi.

Ni kweli kwamba moyo wa mtu hutaka kulala na wazee wake, na mama aliye Pangani hutaka kulijua kaburi la mwanawe. Huzuni hiyo haina lawama. Lakini ardhi ya Dodoma ni ardhi ya Mwenyezi Mungu, na makaburi ya Waislamu yako, na misikiti iko, na wa kumsalia wako. Masahaba wa Mtume (S.A.W.) walizikwa Sham na Misri na Iraki, kila mmoja pale alipofia. Mama wa Pangani, akipata nauli, na aje kuzuru siku yo yote. Nauli ya mtu mmoja aliye hai haifilisi nyumba kama kodi ya gari la maiti na msafara wake.

FASILI YA SITA: DENI LENYEWE

Kukopa kwa haja si haramu. Mtume (S.A.W.) alifariki hali deraa yake iko rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri ya watu wake. Lakini yeye huyo aliletewa maiti akauliza kama ana deni. Alipoambiwa kuwa analo, wala hakuacha cha kulilipa, aliwaambia watu wamsalie wao, mpaka Abu Katada aliposema kuwa deni lile liko juu yake. Baadaye, mali ilipopatikana, akawa mwenyewe huwalipia waumini waliokufa na deni. Na imepokewa kwamba roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Ikiwa mambo ni hivyo kwa maiti, basi yule akopaye kwa ajili ya matanga anataka kumheshimu aliyekufa kwa kitu ambacho, akifa yeye kesho, ndicho kitakachomzuia.

Na madeni ya matanga katika nchi hizi huja kwa njia mbili zilizo mbaya zaidi. Ya kwanza ni riba. Wakopeshaji wa mitaani, ambao watu wenyewe wameyaita mikopo yao kausha damu, huwajia wafiwa kwa upesi, na wengine hukopesha kwa simu pasipo kuonana uso kwa uso. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa njia hiyo zisizokuwa na leseni. Riba ni haramu ikiwa ni kwa arusi au kwa matanga, na jina la maiti halihalalishi.

Ya pili ni kuuza mazao shambani kabla hayajakomaa. Katika nyanda hizi mvua ni msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na mavuno ni mwezi wa Mei na kuendelea. Mauti yakimkuta mtu Januari au Februari, ghala ni tupu na mtama ungali kijani. Hapo huja mnunuzi akalinunua shamba zima kwa bei ndogo. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza masuke mpaka yaweupe na yaaminike na maafa. Muuzaji amekula matanga siku tatu, na mwaka mzima ujao atanunua unga kwa bei ya dukani.

Ama aliyekwisha kuingia katika deni, asikate tamaa. Kama ni la riba, na atubu, alipe rasilimali. Kama alikopa kwa jambo la halali akashindwa kulipa, yumo katika mafungu manane ya wapewao zaka. Na mdai Muislamu ameamrishwa na Kurani kumngojea mwenye dhiki, na kusamehe ni bora kwake.

FASILI YA SABA: VYAMA VYA KUZIKANA

Ngazi ya gharama ilitaja wakfu, na Baitul Mali, na wenye uwezo. Mahali ambapo hapana Baitul Mali, chama cha kuzikana chaweza kushika nafasi hiyo. Vyama kama hivi viko katika nchi nyingi. Huko Ethiopia huitwa iddir, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 juu ya vyama vya Ethiopia na Tanzania ulionyesha kwamba hata vijijini vina kanuni za kuandikwa na ada na orodha ya watu wake. Lakini ili chama kiwe cha heri yataka mambo haya.

Kwanza, mchango uwe ni tabarrui, yaani kutoa kwa kusaidiana, wala usiwe biashara ya mtu kutoa kidogo akitaraji kingi. Pili, utolewe wakati wa mavuno, kwa fedha au kwa debe la nafaka, wala si siku ya msiba, siku ambayo mtoaji naye huenda hana kitu. Tatu, kabla ya yote pawekwe msikitini jeneza, na majembe na sepetu, na mikeka, na kafuri, na bafta iliyokwisha kukatwa sanda kadha za wanaume na za wanawake na za watoto, na kila kitolewacho kirudishwe badala yake. Nne, fedha zinazobaki apewe mjane na mayatima mkononi, wala zisigeuzwe mchele. Tano, daftari lishikwe na watu wawili waaminifu, lisomwe mbele ya watu.

Na sita, ambalo ndilo limesahauliwa: asiyechanga azikwe pia. Viko vyama vinavyosema kuwa fulani hakulipa ada, basi asichimbiwe kaburi. Neno hili ni kubwa. Kumzika Muislamu ni faradhi ya kifaya juu ya wote, na faradhi haivunjwi kwa kanuni ya chama. Mwenye uwezo aliyekataa kuchanga na alaumiwe akiwa hai. Akisha kufa, sanda yake ni haki yake.

KHATIMA

Yamebainika kwamba haki ya maiti ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa thawabu, na kwamba deni la matanga si haki yake. Walakini kujua hukumu hakutoshi, kwa kuwa watu wengi wanaijua nao hukopa vile vile. Sababu ni kuwa mfiwa siku ile hana nguvu ya kushindana na mtaa. Kwa hiyo iko kazi ya watu wawili kabla yake.

Wa kwanza ni tajiri. Desturi za gharama huanzishwa na wenye mali, na hulipwa na maskini. Fukara akimzika babaye bila ya pilau, watu husema kakosa. Tajiri akifanya hivyo, watu watasema kafuata sunna, na fukara wote wa mtaa watapata pa kujificha nyuma yake. Basi tajiri atakayemzika mzazi wake kwa nguo tatu na dua, kisha akatoa gharama ya karamu kuwa wakfu wa sanda, atakuwa amewalipia watu madeni ambayo bado hawajayakopa.

Wa pili ni kila mwanamume aliye hai leo. Imekuja katika Hadithi kwamba haimfalii Muislamu mwenye jambo la kuusia kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Basi na aandike: anadai nini, na anadaiwa nini, azikwe pale atakapofia, asipikiwe watu kwa mali ya wanawe, wala asikopewe kwa ajili ya maziko yake hata shilingi moja. Kisha awasomee jamaa zake na imamu wa msikiti wake. Siku ya msiba mjane hataweza kuwaambia shemeji zake kwamba hatapika; lakini ataweza kuitoa karatasi ile na kusema kwamba ndivyo alivyoagiza mwenyewe. Neno la maiti ndilo pekee ambalo mtaa hauthubutu kulipinga, nalo huandikwa na aliye hai.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuwezeshwa. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amin.